Shokapu za Buluu

Dereva wa teksi alikuwa amelala chali chini ya gari lililomuua mwanawe, tochi mdomoni, mafuta yakimdondokea shavuni.

Mlinzi wa yadi ya magari ya ajali alikuwa amemruhusu kwa huruma tu. "Fanya upesi, mzee. Nisije nikafukuzwa kazi kwa ajili yako."

Lakini dereva alikuwa ameshaona. Alimulika gurudumu la mbele, akamulika la nyuma, akarudi mbele tena, kana kwamba macho yake ndiyo yenye kasoro. Zile shokapu mpya za buluu, za kuzuia gari lisirukeruke, hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na shokapu kuukuu zenye kutu, zinavuja, zimebanwa na springi fupi nyekundu, zile za bei ya kutupa.

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Risasi, alikuwa amelinunua gari hilo la spoti la milango miwili likiwa limebakiza kidogo tu kuitwa chuma chakavu. Alilifufua kipande kwa kipande. Kilichobaki kilikuwa kulishusha likae chini, likamate barabara kwenye kona. Jioni moja, wakiwa mezani, alimweleza baba yake kwamba fundi amemwonyesha seti kamili ya buluu, springi na shokapu zake, unaipandisha na kuishusha utakavyo. Ila mfuko haufiki huko. Angechukua springi fupi peke yake, azifunge juu ya shokapu za zamani.

"Si hatari?" baba aliuliza.

"Ukiingia kona kwa kasi linaweza kurukaruka kidogo. Nitalizoea."

Hilo neno "kidogo" lilimkaa baba kooni usiku kucha. Kulipokucha akaenda kwa fundi, yule yule aliyekuwa akiitengeneza teksi yake tangu haina mkwaruzo. Walikuwa wameshahudhuriana harusi na misiba, hawakuwa na haja ya kuzungukana.

"Mfungie ile ya buluu. Mwambie imeshuka bei. Inayopungua nitajaza mimi."

"Na akijua?"

"Akijua ataikataa. Ana kichwa kigumu yule, kakitoa kwangu."

Fundi alicheka. Dereva akampa pesa aliyokuwa akiidunduliza kwa matengenezo ya teksi yake mwenyewe. Teksi ingengoja.

Siku Risasi alipofungiwa ile seti alirudi nyumbani akipiga mluzi. "Baba, leo nyota yangu imewaka! Hutaamini bei niliyopewa." Baba akajitia kushangaa, na akashangaa vizuri kweli.

Mwezi haukuisha. Kwenye kona ya ukuta wa kiwanda, walioshuhudia walisema, gari liliruka kama chura, likapanda ukingo, likaikumbatia nguzo ya taa. Risasi hakufika hospitali.

Sasa, chini ya yale mabati yaliyojikunja, baba akaona kila kitu kimejieleza. Fundi alikula pesa, akamfungia mtoto takataka.

Alitoka yadi akaenda gereji moja kwa moja, hakujifuta hata uso. Fundi alikuwa ameinamia injini. Alipomwona aliweka spana chini, akamjia mikono wazi.

"Pole tena, ndugu yangu."

"Ziko wapi shokapu za mwanangu?"

"Si nilizifunga kwa mikono yangu hii?"

"Nimetoka kuliangalia gari."

Fundi alibadilika rangi. "Haiwezekani. Labda..."

"Labda nini? Umeniulia mtoto kwa pesa yangu mwenyewe!"

"Twende yadi, tukaangalie wote." Fundi akamshika mkono.

Dereva alijinasua, akatoka hadi barabarani, akapaza sauti neno moja ambalo mtaani pale halikuwahi kudaiwa ushahidi.

"Mwizi!"

Walikuja kutoka kila upande, wengine mawe tayari mkononi. Hakuwaambia wapige. Hakuwaambia waache pia. Fundi alimwita kwa jina, akamwita tena, kisha sauti yake ikapotelea katikati ya miguu ya watu.

Asubuhi habari zikafika kwamba fundi yuko hospitali, hajafumbua macho, na madaktari hawana la kumwahidi mkewe. Mke wa dereva alijishika mdomo.

"Afadhali," dereva alisema, akamalizia chai yake. Tangu mazishi hakuwahi kumaliza kikombe.

Hodi ikabishwa. Alikuwa kijana muuza simu, rafiki mkubwa wa Risasi, ambaye msiba ulimkuta safarini. Alimpa mama pole, akashindwa kuimaliza, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akamgeukia baba.

"Kuna mzigo wako kwenye gari, baba. Risasi aliuacha kwangu."

Walitoka nje. Kijana alifungua buti, akaanza kuteremsha matairi mapya, moja moja, bado yana karatasi zake.

"Mzigo gani huu?"

"Aliniuzia zile shokapu zake za buluu. Tulizifungua wenyewe uani kwetu, tukamrudishia zile za zamani na springi za bei rahisi. Nilimwambia ngoja kwanza. Akasema ataendesha taratibu mpaka apate nyingine."

Dereva alishika mlango wa gari. "Aliuza kwa nini?"

"Alisema fundi kampa bei ambayo mtu haipati mara mbili, akiziuza atabaki na faida." Kijana aliteremsha tairi la nne, akaliegemeza kwenye mengine. "Matairi ya teksi yako yalikuwa yanamkosesha usingizi, baba. Alitaka akufungie haya kabla ya mvua."