Salamu za Mama Mkwe

Amastan alitembea saa nzima jangwani kuyaacha mahema mbali, ndipo akawasha simu ya setilaiti. Dakika mbili, kisha unatoa betri. Anayezidisha hutafutwa kutoka angani, na kombora halipigi hodi.

Alitaka kumwambia mkewe neno moja tu: hameni. Lakini kule kambi ya kisimani, aliyepokea simu yao ya setilaiti alikuwa mama mkwe.

Upesi Amastan akavuta kilemba, akafunika mdomo kwa heshima, kana kwamba anaonekana.

"Hujambo, mkwe wangu? Jua linasemaje huko?"

"Sijambo, mama. Naomba..."

"Na mbuzi? Na yule ngamia wako mchechemeaji?"

"Hawajambo, mama."

Dakika mbili zikapita. Kwao, mtu hamkatizi mama mkwe salamu, hata roho ikimtoka. Jasho likamtiririka shingoni. Akatazama juu: anga tupu, kimya kabisa.

"Mama, nisamehe sana. Uko wapi hapo?"

"Si nipo humu hemani, na wajukuu wote! Hebu ngoja kwanza, baba. Kuna kitu kinavuma huku juu, kama nyuki."