Panya Buku na Ukuta wa Siafu

Panya Buku alizoea kuiba mayai ya siafu. Walinzi walijipanga tabaka juu ya tabaka. Akisukuma kwa pua, matabaka yanateleza, naye anakula akashiba.

Siku hiyo aliwakuta walinzi wale wale, hata mmoja hakuongezeka. Akacheka, akawavamia kwa meno. Kacha! Jino likadondoka.

"Lahaula! Mmejenga kwa jiwe?"

"Jiwe la wapi, bwana mkubwa?" akajibu Mama Siafu. "Jana kila mlinzi alishika wenzake watatu wa tabaka lake. Leo kila mmoja kashika wanne, hadi wa juu na wa chini."

"Lakini ni wale wale!"

"Wale wale."

Panya Buku akarudi kwake na njaa, pengo likipigwa na upepo.

Nawe ukiona ncha ya penseli ikichubuka karatasini, usiidharau kaboni iliyomo, ambayo kila chembe yake imeshika wenzake watatu tu wa tabaka lake. Kaboni hiyo hiyo, kila chembe ikishika wenzake wanne, ndiyo almasi.