Saa Moja ya Studio

Bi Chausiku alikuwa amelipia saa moja tu ya studio, lakini wimbo wenyewe ulikuwa umemkaa sawasawa. Miezi mitatu yeye na mdogo wake Sikudhani waliuimba jikoni huku wakikuna nazi, ili wakija huku wasipoteze hata dakika. Yeye akiimba, Sikudhani akiitikia.

Akavaa hedifoni, akaimba. Hakukosea hata neno. Lakini kila ubeti ulipokwisha alinyamaza kidogo, kiganja kikiendelea kupiga mapigo pajani.

"Mama, mbona unaniachia mapengo?" aliuliza fundi Mbaruku kutoka nyuma ya kioo.

"Hapo anaitikia Sikudhani."

"Basi mpigie simu aje, saa inakwenda hiyo!"

"Tulimzika wiki iliyopita, baba. Studio tulikuwa tumeshalipia."

Fundi akavua kofia. "Pole sana, mama. Basi itikia mwenyewe. Robo saa iliyobaki inatosha."

Bi Chausiku alijaribu. Maneno aliyajua yote, ila alipofika pale mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Au niyakate mapengo, wimbo uungane?"

"Usikate, mwanangu. Niache niimbe tena vile tulivyozoea."

Hedifoni nyingine zilikuwa zikining'inia ukutani. Akazitungua, akaziweka juu ya kiti kitupu kando yake, akaanza upya. Ubeti wa kwanza ulipokwisha alinyamaza, akakigeukia kile kiti, kiganja kikipiga mapigo pajani.