Jogoo na Tetea

Wiki nzima Bi Zumrati alijifunza Kiingereza uani, akiwatumia jogoo na tetea wake. Alimwita jogoo "he" na tetea "she", na kila alipochanganya alijichapa kofi mkononi. "Yeye" aliyoizoea haikutosha tena. Mjukuu aliyezaliwa ng'ambo hakujua Kiswahili, na Bi Zumrati hakutaka kuchekwa na mtoto.

Siku ya wageni alimchinja jogoo, akampika kwa nazi, akavaa kanga mpya.

Gari lilipofika, mwanawe Hamdani aliteremka peke yake na kuacha injini ikinguruma.

"Shikamoo mama. Tunapita tu, tutalala hotelini."

"Marahaba. Mwambie mwanao ashuke tule, tuzungumze. Nimejifunza."

"Yeye hali kuku, mama. Na mtazungumza nini? Mpungie mkono tu, inatosha."

Nyuma ya kioo kilichofungwa, msichana alikuwa ameinamia simu. Bi Zumrati akapunga. Gari likakata kona, naye bado anapunga.

Uani, tetea alikuwa akizungukazunguka, akilia.

"She," Bi Zumrati alimwambia, na hakukosea.