Chuo Alichochaguliwa Mwangala

Karani aliigeuza shahada ya Mwangala, akaitazama mgongoni, akairudisha mbele, kisha akaacha kutafuna karanga zake.

"Dada, hiki chuo ulikipata wapi?"

"Ni cha mtandaoni, mama. Miaka mitatu nimesoma, sijakosa hata mtihani mmoja."

"Sijakuuliza kama umesoma. Nimekuuliza ulikipata wapi. Haya, kaa pale uningoje."

Mwangala akakaa kwenye benchi la baraza la wauguzi, Lusaka, bahasha magotini. Ndani yake mlikuwa na barua ya shule ya uuguzi kule Mongu: wasaili wameridhika naye, kazi ya ualimu ni yake, kilichobaki ni muhuri wa baraza kuithibitisha shahada. Mwisho Ijumaa.

Mongu ndiko walikokuwa wanawe wawili, kwa bibi yao. Yeye alikuwa muuguzi katika hospitali ya Misheni ya Sikuyu, mwendo wa siku nzima mchangani, akipokea watoto wa wenzake. Mara ya mwisho alipokwenda kuwaona, yule mdogo alijificha nyuma ya bibi na kumuuliza, "Mama, huyu mgeni atalala hapa?"

Ndiyo maana alisoma. Likizo ya masomo Sikuyu ilikuwa hadithi ya zamani. Wodi ya wazazi ilikuwa na wauguzi watano. Wanne wakajiendea zao mmoja mmoja, na badala yao hakuletwa mtu.

Aliyemcheka tangu mwanzo ni Sitwala, tabibu wa pale. "Shahada ya bando," aliiita. "Mwajiri akikuuliza kuchoma sindano ulijifunzia wapi, utamwonyesha kioo cha simu? Na bando likikata, mgonjwa asubiri?"

Aliyemtetea ni Matroni Nasilele. "Mwache mwenzio, Sitwala. Wewe kitabu cha mwisho kukifungua kilikuwa cha nyimbo za kanisani."

Alimwita Mwangala ofisini, akamwekea bakuli la maziwa ya mgando, wakavitandaza vipeperushi viwili mezani. Vyuo viwili, vyote vya mtandaoni. Cha kwanza kilikuwa na picha ya jengo la zamani, cha pili kilikuwa na picha ya wasichana wanaocheka.

"Waajiri ni watu wa ajabu, mwanangu," alisema matroni. "Wengine hawataki hata kusikia neno mtandao. Lakini ukiwabana, wote wanatazama jambo moja: baraza linakitambua chuo, au halikitambui. Usikurupuke. Niachie mimi niulize."

Kule hakuna muuguzi anayelipigia baraza simu mwenyewe. Neno la wodini hupita kwa matroni, kama vile posa haiendi bila mshenga. Mwangala akangoja wiki nzima. Matroni akaja anatabasamu, akaweka kidole juu ya wale wasichana wanaocheka.

"Nimeuliza. Chukua hiki."

Miaka mitatu Mwangala alisomea nyuma ya chumba cha kufulia, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, maana hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Matroni ndiye aliyemsainia saa za mazoezi, ndiye aliyempangia zamu zisigongane na mitihani. Siku ya matokeo alimkumbatia mbele ya wagonjwa mpaka kofia yake ikaanguka.

"Sasa na wewe ukiniacha, wodi nitaiendesha na nani?"

Watu wakacheka. Mwangala naye akacheka.

Karani alirudi na jalada mkononi. Hakukaa.

"Chuo hiki tulikifuta miaka minne iliyopita. Hata kuanza ulikuwa hujaanza."

Mwangala alisimama. "Basi nipeni mtihani, mama. Hapa hapa. Niulizeni lolote."

"Hata kama unajua kufufua maiti, dada, muhuri siwezi kugonga. Anza upya kwingine. Miaka mitatu si mingi, na wewe bado kijana."

Miaka mitatu. Yule mdogo atakuwa na miaka tisa, na bibi atakuwa ndiye mama bila hata mtu wa kumsahihisha.

"Lakini sisi hatukuambiwa," Mwangala alisema.

"Hospitali zote zilipelekewa waraka. Yenu pia imo, hii hapa kwenye orodha."

Hapo ndipo alipomwona Sitwala, kama vile amesimama mbele yake na meno yake yote nje. Nani aliyefungua mfuko wa barua kila Jumatatu? Sitwala. Nani aliyesema shahada hii haitafika popote, akasema kama mtu mwenye hakika?

"Kuna mtu aliuficha," alisema. "Na namjua. Waraka ule haukumfikia matroni wetu, mama. Ungemfikia, mimi leo nisingekuwa hapa. Yule kwangu ni mzazi."

"Nasilele wa Sikuyu?" Karani alichukua karanga moja, akaimenya polepole. "Ulimfikia. Huyo namjua kwa sauti. Kila Januari anapiga simu kuuliza kama hicho chuo tumekirudisha kwenye orodha. Nikimwambia bado, anachangamka, ananishukuru mpaka naona haya."