Madoa ya Tasi

Maringo yana mwenyewe, na mwenyewe hapa ni samaki Kangaja. Siku aliyoletwa, hakutiwa katika tangi kubwa la kioo lenye matumbawe. Alitiwa karantini, tangi dogo la wageni lisilo na kitu ila kipande cha bomba la kujifichia. Humo alimkuta samaki mwenziwe, Tasi, ambaye ukoo wake wote huzaliwa na vidoadoa vyeupe.

"We mwenye madoa, kaa kule pembeni," Kangaja alisema. "Bomba hili ni langu. Sitaki kuambukizwa mie!"

"Haya, dada," Tasi akajibu, akaenda zake.

Mle bombani, mbali na macho ya watu, Kangaja alijikuna. Alikuwa akiwashwa tangu kabla hajaletwa, na hilo hakumwambia mtu.

Siku ya kumi mapezi yake yakaota chembe nyeupe kama chumvi. Siku ya pili yake Tasi akaanza kuhema, amelala ubavu palepale pembeni.

Kangaja akaona haya, akatoka ili akiri. Tasi alipoziona zile chembe, alijikokota nyuma mpaka mgongo ukagusa kioo.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nilijitahidi kukaa mbali, kumbe nimekuambukiza."

Kangaja alifumbua kinywa, akakifumba. Mpaka Tasi anakata roho, alikuwa hajamjibu.

Mfugaji akatia dawa, Kangaja akapona, akahamishiwa tangi kubwa. Huko kila anayeisifu ngozi yake isiyo na doa humwona akitafuta tundu la kujificha.