Machungwa ya Shangazi

Wakimbiaji walipofika sokoni, chini ya mlima, miguu ya Kombo ilikuwa imeisha nguvu. Wageni waliendelea kuupanda mlima, kwa kuwa hawakujua njia nyingine. Kombo, mzaliwa wa mji ule, aliijua. Alijifanya anakwenda kujisaidia, akaingia kwenye uchochoro wa nyuma ya mashine ya kusaga, akatokea ng'ambo ya mlima bila kuupanda.

Alimaliza nusu marathoni. Akavishwa medali, akapigwa picha.

Nyumbani alikuta mlango umefungwa.

"Shangazi yako yuko mlimani," jirani alimwambia. "Kajikongoja toka alfajiri, na goti lake lile. Anasema lazima akuone ukipita."

Kombo alikwenda hivyo hivyo, na medali shingoni. Barabara ilikuwa imeshafunguliwa, magari yanapita. Akamwona shangazi kwa nyuma, bado kaketi kwenye kigoda, sahani ya machungwa yaliyomenywa mapajani, akifukuza nzi kwa ncha ya kanga. Macho yake yalikuwa kule chini, walikotokea wakimbiaji.

"Wamekwisha, mama," muuza karanga alimwambia. "Nenda kapumzike."

"Bado mmoja. Wangu hajapita."

Kombo akavua medali, akaitia mfukoni. Alirudi kimya kimya, akapita tena kwenye uchochoro hadi sokoni. Kisha akaanza kuupanda mlima mbio, magari yakimpigia honi, na kule juu shangazi akainuka kwa shida, akanyoosha mkono wenye kipande cha chungwa.